UZI: Kagua paa lako kabla masika hayajaanza. Wa Arusha na Moshi tukutane hapa

Kenchi na Papi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Februari ndiyo hiyo inayoyoma. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, simu za mafundi zitaanza kuita zote kwa pamoja, na siku hiyo bati limelowa, hakuna mwenye akili atakayepanda. Mimi nafanya kazi za paa hapa Arusha, Moshi nashuka mara kwa mara. Nimeona niweke hapa namna ninavyoangalia nikiitwa kukagua nyumba, ili mwenye nyumba aone mwenyewe kabla hajamwita mtu.

La kwanza, na wengi hawalipendi: acha kukimbilia ngazi. Ukaguzi wa paa unaanzia darini. Panda mchana wa jua kali, zima tochi, tulia kidogo macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga unayoiona juu yako ni tundu. Weka alama ya chaki kwenye papi (mbao nyembamba inayopigiliwa bati) iliyo karibu nalo. Halafu washa tochi, na sasa usiangalie bati, angalia mbao. Maji yakipenya kwenye tundu la msumari hayadondoki hapo hapo. Yanatambaa kwenye papi, yanashuka na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yanakuja kudondoka mita mbili tatu mbele. Ndiyo maana doa liko sebuleni na tundu liko juu ya chumba cha watoto, na fundi aliyeitwa akaziba juu ya sebule anarudi kuitwa tena. Mbao iliyopitiwa na maji inabaki na mstari mweusi. Ufuate ule mstari kwenda juu, utakufikisha.

Doa la dari nalo lina habari zake. Doa likilowa na kukauka linaacha pete ya kahawia ukingoni. Ukiona pete ndani ya pete, ujue limelowa zaidi ya mvua moja. Libonyeze kwa kidole. Jipsamu ikibonyea, bado ni mbichi, maji ni ya juzi. Na ukienda kuangalia nyumba ya kununua ukakuta kona moja tu ya dari imepakwa rangi mpya, omba ngazi papo hapo.

Sasa misumari. Hapa ndipo paa nyingi za bati zinapoanza kuharibika, na hapa ndipo watu hawaangalii kabisa. Bati linatanuka kwa joto la mchana, linasinyaa usiku. Kila siku msumari unavutwa kidogo, mwaka baada ya mwaka, huku ile raba chini ya kichwa chake inakaushwa na jua mpaka inapasuka. Huhitaji kupanda kuona hili. Simama uwanjani jioni jua limelala, utazame mistari ya misumari kwa ubavu. Msumari uliokaa sawa huuoni. Ulioinuka unatupa kivuli. Ukiona vivuli vingi upande mmoja, mara nyingi ni upande unaopigwa na jua la mchana au upepo. Na ukiona pete ya kutu kuzunguka kichwa, raba imekwisha kazi, maji yanakaa pale.

Tafadhali msumari ulioinuka usiupige nyundo urudi. Tundu limeshapanuka, baada ya muda mfupi utakuwa juu tena. Ung'oe, weka skrubu ya bati iliyo nene kuliko msumari, yenye washa ya raba, ihakikishe imeuma mbao. Skrubu usiikaze mpaka raba itoke pembeni, hapo umeshaikata.

Baada ya misumari ni vali, yaani bonde pale paa mbili zinapokutana. Nyumba ya mgongo wa tembo haina shida hiyo, maji yanashuka pande mbili basi. Lakini ramani za siku hizi zina kona nyingi, vali nne, tano, sita, na kila vali inakusanya maji ya paa mbili na majani yote ya mti wa jirani. Majani yakioza pale unyevu haukauki, bati linaliwa kutokea juu na wewe uko ndani huna habari. Arusha majakaranda yanapukutisha maua kuelekea vuli, yale maua yakilowa yanakuwa uji. Safisha.

Mengine kwa haraka: kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, angalia maungio yake na misumari ya ukingoni. Fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) ikianza kupinda au rangi kuvimba, gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) linafurika kwa nyuma. Mstari wa kofia utazame kutoka ng'ambo ya barabara. Ukiona umebonyea katikati, tatizo ni kenchi, na hilo siyo la kuahirisha. Darini chukua bisibisi uchome mbao sehemu zenye weusi. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza. Unga laini chini ya vitundu vidogo ni wadudu. Mirija ya udongo ukutani ikielekea juu ni mchwa.

Kutu siyo zote sawa. Bati la zinki linalindwa na zinki yenyewe, inaliwa kwanza ili chuma kibaki. Unga mweupe ni zinki inayoliwa, mara nyingi bati lilirundikwa likiwa na unyevu kabla ya kuezekwa. Wekundu ni chuma chenyewe, zinki imeisha. Weupe unakupa muda wa kupanga, wekundu unakuuliza umeweka akiba kiasi gani.

Karibuni.

Chuga Damu

Uzi mrefu kuliko paa lenyewe 😂 ila nimeweka kambi hapa.

Kibosho Juu

Mkuu heshima yako. Mimi niko Dar, nyumba iko Kibosho. Tunafungua Desemba tukipanda kwa Krismasi, Januari tunafunga, hadithi imeisha mpaka mwaka mwingine. Mama yupo nyumba ya zamani hapo hapo kihambani (shamba la ukoo) lakini siwezi kumwambia mama wa umri ule apande darini. Desemba hii tumekuta dari la chumba kimoja limeshuka. Tunaoishi mbali tunafanyaje?

Kenchi na Papi

Kibosho Juu, nyumba za namna yenu ziko nyingi kuanzia Machame mpaka Rombo, na ndizo zinazoharibika kimyakimya kuliko zote. Mnakuja Desemba mvua za vuli zinaelekea kuisha, mnaondoka kabla ya masika. Yaani paa linafanya kazi yake ngumu kuliko zote mwaka mzima bila mwenyewe kuwepo. Na huko juu mvua si ya Moshi mjini. Kusini mwa Mlima Kilimanjaro ukipanda kidogo tu kutoka mjini mvua inaongezeka sana.

Tafuta kijana wa ukoo mwenye simu nzuri. Siku moja baada ya mvua kubwa afungue nyumba, apige picha kila kona ya dari, halafu atoke nje apige picha ya kila upande wa paa akiwa amesimama sehemu zile zile. Mwezi ukiisha arudie. Ukizilinganisha utaona kinachobadilika. Wakati huo huo afungue madirisha nyumba ipate hewa, nyumba iliyofungwa miezi kumi inaoza kwa unyevu wake yenyewe hata kama haivuji.

Miti nayo. Mgrevilea ukishafika juu ya paa unapukutisha majani mwaka mzima, na mparachichi ulioinama juu ya bati hauhitaji hata tawi kukatika, parachichi lenyewe likianguka linabonyeza. Bati likibonyea sehemu ya maungio, maji yanapata njia. Matawi yakatwe. Najua miti ya kihamba ina wenyewe na ina historia, mzungumze na mama kwanza.

MamaB Ilboru

Kaka fundi habari. Kwangu Ilboru juu maji yanadondoka darini mwezi wa saba, ambao hakuna hata mvua! Asubuhi tu, ikifika saa nne yanaacha. Fundi mmoja kaja kapaka silikoni kila msumari, nimelipa, na mwaka uliofuata yakarudi vile vile. Nimechoka.

Spana Kumi

Dada hapo silikoni ilipakwa nyembamba. Paka lami ya maji paa zima, tabaka mbili, umemaliza. Mimi ndivyo ninavyofanya kwa wateja wangu.

Kenchi na Papi

Spana Kumi subiri kidogo kaka, kabla ya lami tuulize maji yanatoka wapi. Mwezi wa saba, asubuhi, hakuna mvua. Hilo siyo kuvuja. Hilo ni jasho la bati.

Dada MamaB, usiku wa Juni hadi Agosti huko kwenu miteremko ya Meru bati linapoa sana. Hewa ya ndani ina joto na mvuke: watu wanapumua, maji ya kuoga yanachemka, jikoni sufuria ziko motoni. Mvuke unapanda darini, unakutana na bati la baridi, unageuka maji upande wa chini wa bati. Jua likipanda bati linapata joto, maji yanakauka, kunakuwa kukavu. Silikoni ya juu haina cha kuziba pale.

Hakikisha hivi: alfajiri moja panda na tochi, pitisha kiganja chini ya bati mbali na msumari wowote. Kama mkono umelowa na matone yamesambaa sehemu kubwa, ni jasho. Kuvuja kunakuwa na njia moja au mbili, jasho linatapakaa. Dawa yake ni hewa. Weka matundu ya hewa chini ya upenu pande zote mbili ili upepo upite darini, yawekewe wavu popo na ndege wasiingie. Feni au bomba la jikoni litoe mvuke nje kabisa, siyo kuuachia darini kama nilivyokuta nyumba nyingi. Kwa nyumba mpya, karatasi maalum ya kuzuia joto na unyevu inatandazwa chini ya bati kabla ya kuezeka.

MamaB Ilboru

Bomba la jiko linaishia darini 🙆🏾‍♀️ nimeenda kuangalia sasa hivi. Asante sana kaka.

Spana Kumi

Jasho sawa, nimekubali hapo. Ila kwa kuvuja kwa kawaida lami inafanya kazi mkuu, usitutoe kazini.

Kenchi na Papi

Inafanya kazi kwa kitambo. Ninachopinga ni kumpakia mtu lami bila kutafuta tundu. Lami inapasuka kwa jua kwa sababu bati chini yake linatanuka na kusinyaa kila siku, na ikipasuka maji yanaingia chini ya lami na kukaa pale hayatoki. Bati linaoza limefunikwa, hata ukaguzi hauwezekani tena. Kama tundu halijulikani, tumieni mpira wa maji. Mmoja akae darini, mwingine amwage maji akianzia chini ya paa, sehemu moja kwa dakika kadhaa, ndipo apande. Ukianzia juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua yamepitia wapi.

Silikoni nakubali kwenye kichwa cha skrubu kama msaada. Siyo badala ya skrubu.

Mjenzi wa Njiro

Mkuu, vipi hizi paa za kuficha? Nimejenga mwaka juzi, ukuta umezunguka juu, paa halionekani. Nyumba nzuri lakini kila masika ukuta wa sebule unatoa unyevu kwa juu.

Kenchi na Papi

Paa la kuficha linapendeza, siwezi kukataa, na wateja wanalitaka. Lakini limechukua maji yaliyokuwa yanadondokea nje na kuyaweka ndani ya nyumba, kwenye mfereji uliokaa juu ya ukuta wako. Fanya hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 20 ndani ya saa moja, ni lita 3,000 zinazotafuta mabomba yako mawili ya kushushia. Bomba moja likizibwa na majani au kiota, maji yanapanda mpaka yanavuka ukingo wa bati na kuingia darini.

Angalia vitu vitatu. Mfereji una mteremko au maji yanabaki yamesimama siku ya pili? Bati la kuziba pale paa linapogusa ukuta limechimbiwa ndani ya plasta au limegundishwa tu kwa silikoni? Na je, ukuta una tundu la dharura, la kutolea maji nje mfereji ukijaa? Mengi niliyoyaona hayana hilo tundu. Toboa, weka bomba fupi lichomoze nje, kidogo chini ya ukingo wa mfereji wa ndani. Siku ukiona linatoa maji, unajua mabomba yamezibwa, na hayajaingia sebuleni. Juu ya ukuta wenyewe pia, kama hakuna kofia ya zege yenye mteremko, mvua inazama kwenye tofali kutokea juu. Nahisi huo unyevu wako uko hapo au kwenye lile bati la ukutani.

Mzee wa Rau

Vijana hamjambo. Nyumba yangu hapa Moshi ni ya zamani, imeezekwa asbesto. Haivuji ila imeota ukungu wa kijani na ncha zimeanza kumeguka. Mjukuu anataka kupanda aisugue kwa brashi ya waya.

Kenchi na Papi

Shikamoo mzee. Tafadhali sana mzuie mjukuu, leo hii.

Kwanza asbesto ya zamani inavunjika chini ya mguu, mtu anapita nayo mpaka sakafuni. Pili, kuisugua, kuikata au kuitoboa kunatoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Ikiwa nzima na haijaguswa hatari ni ndogo. Zile ncha kumeguka ndiyo dalili kwamba imeanza kuachia. Msizifagie zikiwa kavu, zilowesheni, ziokotwe kwa glavu na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kuiondoa yote ni kazi ya watu wenye vifaa na mahali maalum pa kutupa. Anza kwa kuuliza ofisi ya afya ya manispaa. Na kama unakinga maji ya mvua kwenye paa hilo, mimi kama mwanao ningekushauri yawe ya bustani tu.

Mzee wa Rau

Marahaba. Nimekuelewa, mjukuu ameshuka.

Mpangaji Sakina

Sie wapangaji paa linatuhusu nini? Si la mwenye nyumba?

Chuga Damu

Godoro likilowa litakuwa la nani?

Kenchi na Papi

😂 Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, nenda ukaangalie chumba mchana, inua macho darini kona zote, fungua kabati za ukutani ushike nyuma. Piga picha za madoa siku unayoingia, mtumie mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu, siyo kwa mdomo. Ya kuezeka ni yake, lakini ushahidi ni wako.

Maji Tiririka

Mimi niko Usa River. Huku maji ya visima na chemchemi yana floraidi nyingi, meno ya watu wetu si mnayaona, kwa hiyo ya kunywa tunategemea mvua. Je, paa lililochoka linaharibu maji?

Kenchi na Papi

Swali zuri, na kwa ukanda wote wa Meru ni zito, kwa sababu floraidi kwenye vyanzo vingi huku inapita kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Kutu nyekundu inachafua ladha na rangi, siyo hatari kubwa. Hatari ni kinyesi cha ndege na popo, majani yaliyooza kwenye gata, na rangi ya paa yenye madini ya risasi. Mvua za mwanzo zote zimwagwe, paa lijioshe, ndipo uelekeze bomba kwenye tangi. Ukipaka rangi, uliza kama inafaa kwa paa la kukingia maji ya kunywa.

Jua Kali Sola

Niongeze kwa upande wetu mafundi sola, tunalaumiwa sana na mara nyingine ni haki. Mtu anafunga hita ya maji ya jua, anatoboa bati popote, anaondoka. Miguu ya fremu lazima ikae juu ya mbao na skrubu zipite kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye mfereji ambapo maji yanapita. Na hita ya lita 200 ikijaa ni zaidi ya kilo 200 zimekaa sehemu moja. Kama kenchi hazikupangiwa huo mzigo, baada ya mwaka kofia inainama.

Kenchi na Papi

Umesema kweli tupu. Niongezee grainda. Fundi akikata bati kwa grainda juu ya paa, cheche za moto zinatua kwenye bati na kuunguza rangi na zinki, na vumbi la chuma linabaki pale. Mvua moja tu utaona vidoti vya kutu vimetapakaa kwenye bati jipya, mwenye nyumba anadhani kauziwa bati bovu. Bati likatwe kwa mkasi wa bati, na takataka zifagiliwe siku hiyo hiyo.

Kibosho Juu

Mkuu kijana kaenda leo, kaniletea picha. Ya tatu inaonyesha juu ya kile chumba. Naona kofia imeinuka ncha moja na kuna kiota.

Kenchi na Papi

Nimeiona. Angalia maungio ya kofia pale: kipande cha juu kimelalia upande unaotoka upepo, kwa hiyo upepo unaingia chini yake na kuinua, na mvua inafuata. Kiota kimekuja baadaye, ndege wamekuta mlango wazi. Kofia ifunguliwe vipande hivyo viwili, vigeuzwe maungio yaangalie upande wa pili, vifungwe kwa skrubu. Fundi wa hapo Kibosho ataimaliza asubuhi moja. Umande ukauke kwanza, akanyage juu ya mstari wa misumari ambapo kuna papi chini, asikanyage katikati. Dari usitengeneze mpaka mvua mbili tatu zipite juu yake.

Ng'ombe Wawili

Bati la banda la ng'ombe Machame limeoza kabla ya la nyumba, na tulinunua siku moja duka moja. Tuliibiwa?

Kenchi na Papi

Hapana. Mkojo na samadi vinatoa hewa ya amonia na unyevu, vinalila bati kutokea chini. Banda liwe wazi juu ya kuta, samadi itoke kila siku. Jiko la kuni nalo lina kazi hiyo hiyo kwa masizi yake.

Mjenzi wa Njiro

La mwisho mkuu. Nikiezeka upya ninunue bati la geji gani, yaani unene gani?

Kenchi na Papi

Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, wengi wanachanganya hapo. Geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3, na 32 ni jembamba zaidi. Kwa nyumba ya kuishi mimi siendi chini ya unene wa 28 nikiwa na uamuzi. Usisome maandishi tu. Nenda dukani na maikromita, pima ukingo wa bati mbele ya muuzaji, na uangalie alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Akikataa usipime, toka.